Mdogo Wangu, Piga Hodi kwa Kiingereza

Kwa maswali yenu yote nasema wasingya, asante ya Wakonzo, maana wiki hii mengi yametoka kwao, kuanzia Ibanda kule chini ya Rwenzori hadi Bwera mpakani.

Leo namjibu mdogo wetu wa Bwera. Alianza shule upande wa Kongo kwa Kiswahili na Kifaransa, na sasa yuko kidato cha pili upande wa Uganda. Mwalimu akiwagawa vikundi wajadiliane kwa Kiingereza, anasema, jibu analo kichwani, ila mpaka amalize kulipanga wenzake wameshahamia swali lingine. Muhula unaisha na sauti yake hawaijui. Anauliza: ajifunze maneno mangapi ndipo aanze kusema?

Mdogo wangu, jambo lako nalijua. Nilipovuka mpaka wa Mpondwe mara ya kwanza, nilikaa kwenye mkutano mmoja nikiitikia "yes" kila niliposemeshwa. Mwisho wakanigeukia wote: nilikuwa nimekubali kuandika kumbukumbu za kikao, na karatasi yangu ilikuwa tupu. Aibu ile ilinikaa siku nyingi. Baadaye ndipo nilipoona kwamba shida yangu haikuwa uchache wa maneno. Sikuwa na sentensi moja ya kumwambia mtu, "Ngoja, sijakupata."

Kunyamaza kwako kuna gharama. Kiingereza ni lugha rasmi ya Uganda tangu uhuru wa 1962, na mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 unataka mwanafunzi ajadili, aeleze, afanye kazi na wenzake. Siku hizi kukariri peke yake hakumtoshi mtu.

Basi usingoje maneno elfu. Kwetu mtu haingii nyumba ya watu bila hodi, na mazungumzo nayo yana hodi yake. Fungua ukurasa wa mwisho wa daftari uandike hizi.

Ya kuingia: "May I add something?" Naomba niongeze neno.

Ya kurudishiwa: "Sorry, could you say that again?" Samahani, hebu rudia.

Ya kuhakikisha: "Do you mean...?" Kisha unataja ulivyoelewa. Ukiwa umekosea, watakusahihisha na mazungumzo yataendelea.

Ya kuomba nafasi: "Let me think." Sekunde tano hizo ni zako, na hakuna atakayedhani umeshindwa.

Ya kupinga kwa adabu: "I see your point, but..." Hoja yako nimeiona, ila...

Sasa tuzitie kazini. Tuseme kikundi chenu kinajadili Mto Nyamwamba, ule uliofurika Kilembe na Kasese mwezi wa tano 2013, ukarudi mwezi wa tano 2020 na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Mwenzako anasema chanzo ni kukata miti tu. Wewe umeona kwa macho yako jinsi mto unavyoshusha mawe na kujaza njia yake. Sema: "I see your point, but the river also brings big stones." Sentensi fupi, maneno ya kawaida, hoja nzito. Hiyo nusu ya kwanza umeikariri, kwa hiyo akili yako yote inabaki kwenye mto na mawe. Ndiyo faida ya sentensi za akiba: zinakubebea mzigo wa mlangoni ili nguvu zako uzitumie ndani.

Pamoja na hizo, chunga mahali ambapo lugha zetu zinatupoteza.

La kwanza ni "ndiyo". Kiswahili kikikuuliza, "Hukuleta risiti?", unajibu, "Ndiyo, sikuleta." Unakubaliana na aliyeuliza. Kiingereza hakiangalii aliyeuliza, kinaangalia risiti: haipo, basi "No, I didn't." Ukisema "yes" peke yake, mgeni ataelewa unayo, atanyoosha mkono aipokee. Na hili lina uzito kwa anayevusha mzigo mpakani. Dawa ni kutojibu kwa neno moja. Malizia sentensi.

La pili ni la vijana wa Ibanda mnaowapandisha wageni mlimani kutoka Nyakalengija. Mgeni anahema, anakuuliza, "Would you mind walking slowly?" Wewe kwa moyo mweupe unajibu "Yes!" Maskini, umemwambia kwamba ombi lake linakukera. Anachouliza ni, "Utaona vibaya tukienda polepole?" Jibu ni "Not at all", sioni vibaya hata kidogo. Safari ya kilele cha Margherita, mita 5,109, ni ya siku kadhaa, na neno kama hilo siku ya kwanza linaweza kumfanya mgeni aogope kukuomba lolote tena.

La tatu ni la kwetu tuliosoma Kifaransa. "Demander" ni kuomba, lakini "demand" ya Kiingereza ni kudai kwa nguvu. Ukimwambia mwalimu "I demand permission", unaomba ruhusa huku umemkunjia uso. Sema "May I ask for permission?" Na tukikubali jambo, "je suis d'accord" inatuvuta tuseme "I am agree". Acha "am". "I agree" inatosha.

La nne ni "pole". Uganda mtu akijikwaa tunamwambia "sorry", na sote tunaelewana. Mgeni kutoka Uingereza anaweza kukujibu kwamba si kosa lako. Usiudhike. Kwake "sorry" mara nyingi ni ya aliyekosa. Muulize "Are you all right?" naye ataona umemjali.

Mdogo wangu, usizibebe sentensi hizi zote kwa siku moja. Chagua mbili kwa wiki. Ziseme kwa sauti ukiteka maji au ukienda shule, mpaka ulimi uzizoee. Mwambie rafiki mmoja wa kikundi chako kwamba unajifunza, ili ukisema "May I add something?" akutazame na wengine wanyamaze.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Nyumbani ukipiga hodi mara tatu bila kuitikiwa, adabu ni kurudi. Kwenye majadiliano mara nyingi hakuna atakayekujibu karibu, na si kwa sababu hawakutaki: kila mtu anawaza neno lake. Kwa hiyo ukishapiga hodi, usirudi. Vuta pumzi, useme la mto na mawe yake. Kikundi chenu kinalihitaji.

Nakupenda na nakuombea.

Dada yenu