SOMO: MBOLEA TUNAYOICHOMA MOTO



Kila msimu malori husimama Ruaha Mbuyuni kupakia vitunguu. Tunashukuru kwa fedha tunayopata. Lakini tukumbuke kwamba kila gunia linalopanda lori huondoka na sehemu ya chakula cha udongo wetu. Tusipokirudisha, udongo huchoka, na maji ya mfereji hayakai ndani yake.

Wengi hutegemea mbolea ya dukani peke yake. Mwaka 2022 bei yake ilipanda mno, hata serikali ikaanza kutoa ruzuku katika msimu wa 2022/23. Asiye na fedha afanyeje? Na huku mabua tunayachoma moto!

Wenzetu Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, ni mfano mzuri. Tangu zamani hulaza nyasi walizofyeka na kuzifunika kwa udongo kandokando ya mashimo yaitwayo ngoro. Nyasi zikioza huwa mbolea, na mashimo huzuia mvua isichukue udongo mlimani. Sisi tuko bondeni penye joto na ukavu, kwa hiyo linatufaa shimo la mboji.

Vitu vya kukusanya

Mabua, nyasi kavu, majani mabichi, pumba za mpunga, maganda ya matunda, samadi na majivu. Ni vya bure, lakini tusivichukue bila ruhusa. Pumba tuziombe kwa mwenye mashine, na samadi kwa mwenye zizi. Wala tusikate miti hai.

Tusitie plastiki, vioo, betri, kinyesi cha watu au cha mbwa, wala magugu yenye mbegu. Vitunguu vilivyougua navyo tusitie, maana huweza kurudisha ugonjwa shambani.

Namna ya kutengeneza

1. Chimba shimo kivulini, karibu na maji: urefu mita 2, upana mita 1.5, kina sentimita 60. Shimo hutunza unyevu kuliko lundo.

2. Katakata mabua, uyatandaze chini unene wa sentimita 20 ili hewa ipite.

3. Weka nyasi kavu, kisha majani mabichi, kisha samadi, kisha udongo kidogo wa juu. Nyunyiza majivu konzi mbili tatu tu. Mwagia maji kila tabaka, halafu rudia mpaka shimo lijae.

4. Funika kwa udongo na nyasi. Chomeka kijiti kirefu kifike katikati. Baada ya siku 5 kichomoe. Kikiwa na joto, mboji inaiva. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikinuka vibaya, maji yamezidi. Igeuze ipate hewa.

5. Igeuze baada ya wiki 3, na tena baada ya wiki 3 nyingine. Kwa kawaida huwa tayari baada ya miezi 3 hivi: nyeusi, laini, yenye harufu ya udongo wa msituni. Nawa mikono kila umalizapo kazi.

Namna ya kutumia

Shimo moja halitatosha ekari nzima ya vitunguu. Tuanzie kwenye kitalu na bustani ya mboga. Ndoo moja yatosha mita 1 ya mraba, ichanganywe na udongo wa juu kabla ya kupanda. Samadi mbichi tusiiweke kwenye miche, kwa kuwa huunguza mizizi.

Mwenye mbolea ya dukani asiitupe. Udongo wenye mboji huishika mbolea hiyo isichukuliwe na maji, na hata mfuko mdogo husaidia zaidi.

Katika Luka 13 mtunza shamba aliuombea mtini usiozaa mwaka mmoja zaidi, auchimbie pembeni na kuuwekea samadi. Udongo wetu nao wahitaji muda na kazi ya namna hiyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni vitu gani tulivichoma au kuvitupa msimu uliopita, ambavyo vingekuwa mboji?

2. Ni nani jirani yetu mwenye samadi asiyoitumia, na tutamwendeaje?

3. Je, tunaweza kuchimba pamoja shimo moja la mfano kwa ajili ya bustani ya mjane au mzee asiyejiweza?