Mshale wa njia panda

Ndugu zangu vijana wa skauti, nami nilikuwa kama nyinyi. Siku moja kambini nilitumwa kutangulia porini niwawekee wenzangu alama za njia: mishale ya vijiti, na mwisho duara lenye nukta katikati, yaani "nimekwenda nyumbani". Duara hilo limo hata kwenye kaburi la Baden-Powell, aliyefariki mwaka 1941 kule Nyeri, Kenya.

Penye njia panda nikaona uvivu, nikapita. Nani angejua?

Wadogo wawili wakapotea hadi Magharibi. Kiongozi hakunigombeza, alinipa taa nitangulie kuwatafuta. Tukawakuta wanalia. Mmoja akauliza kama upepo ndio ulioondoa mshale. Nikamwambia: hapana, sikuuweka.