Mzigo wa Mteja ni Amana: Somo la Kufungasha Bidhaa Tunazouza Mtandaoni



Wengi wetu hapa chuoni tunauza kitu. Ukipita hosteli jioni utakuta chumba hiki kinauza mitandio, kile kinauza mafuta ya uturi, na cha mwisho kinauza asali au mafuta ya shea kutoka kaskazini. Duka lenyewe ni simu. Picha inawekwa WhatsApp, mteja anaagiza, analipa kwa simu, na mzigo unapanda boda boda au basi. Somo letu la leo linahusu kazi iliyo katikati ya malipo na basi, ambayo wengi tunaifanya kwa haraka: kuandaa bidhaa na kuifungasha.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana nilileta asali kutoka nyumbani, upande wa Arua, na mama mmoja wa Mbale akaagiza chupa sita kwa ajili ya akika ya mjukuu wake. Nilizijaza hadi mdomoni, nikakaza vifuniko kwa mkono, nikazipanga ndani ya boksi la sabuni nililopewa dukani na kulifunga kwa tepu mara moja. Kutoka Kampala hadi Mbale ni zaidi ya kilomita 200, na ndani ya basi boksi langu lililazwa ubavu chini ya mizigo mingine.

Usiku mama akanipigia. Chupa moja ilipasuka, mbili zilivuja, na asali ikalowesha begi la abiria mwingine lenye vitabu. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulivijaribu vifuniko kabla ya kuvituma?" Sikuwa nimevijaribu. Kesho yake akapiga tena. Nilikuwa nimeandika "kilo moja" kwenye kila chupa, naye alipomimina asali ya chupa nzima na kuipima, alipata gramu 720 tu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilipima asali pamoja na chupa yake. Nilirudisha fedha za chupa tatu, nikapunguza bei ya zile nyingine, nikalipa vitabu vya watu. Faida ya muhula mzima iliondoka. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimpunja mtu katika kipimo, na laiti asingepima, nisingejua.

Kwa nini kufungasha ni amana

Mteja wa sokoni hushika nguo, hunusa uturi, huonja asali. Mteja wa mtandaoni ameona picha tu. Unapofunga boksi, wewe ndiye jicho lake na mkono wake. Ukikiona kitu chenye kasoro ukakifunika, ameshaghushiwa kabla basi halijaondoka.

Sote tunakijua kisa alichokipokea Abu Huraira na kukipokea Imam Muslim katika Sahihi yake. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akaingiza mkono wake, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akaeleza kwamba kilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akaonya kwamba anayeghushi hayumo pamoja naye. Tazameni kwamba yule mtu hakuiba chakula wala hakukinyeshea maji yeye mwenyewe. Kosa lake lilikuwa katika kupanga: kizuri juu, kibaya chini. Hiyo ndiyo kazi tunayoifanya kila siku tunapofunga mizigo. Na Surat Al-Mutaffifin imepewa jina la watu wanaopunja vipimo. Basi tuingie kazini hatua kwa hatua.

1. Kagua, kisha sema

Kabla ya kugusa boksi, weka bidhaa mezani penye mwanga. Mtandio ufungue wote, uuinue dhidi ya dirisha, utaona tundu, uzi uliokatika au doa. Uturi uangalie kama chupa imejaa kama ilivyo kwenye picha. Asali angalia kama ina nta, nyuki waliokufa au povu. Linganisha bidhaa na picha uliyoituma: rangi ni hiyo? Ukubwa ni huo?

Ukikuta kasoro, usifunge. Piga picha ya kasoro hiyo, umtumie mteja na kumpa chaguo: apate nyingine, apunguziwe bei, au arudishiwe fedha. Ujumbe huo unachukua dakika mbili. Wateja wangu wawili niliowaandikia hivyo walikubali bidhaa ile ile kwa bei pungufu, na bado wananunua kwangu.

2. Pima bidhaa peke yake

Nunua mizani ndogo ya jikoni. Weka chupa tupu na kifuniko chake juu ya mizani, andika uzito wake. Jaza, pima tena, kisha toa uzito wa chupa. Kinachobaki ndicho unachomuuzia mteja, na ndicho kinachoandikwa kwenye lebo. Chupa zangu za kioo zilikuwa na gramu 280 kila moja, na hizo ndizo nilizomuuzia yule mama kwa bei ya asali.

Pia tusichanganye lita na kilo. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina takriban kilo 1.4. Kwa hiyo chupa ya nusu lita haina nusu kilo ya asali, ina karibu gramu 700. Mafuta ni kinyume chake, ni mepesi kuliko maji. Chagua kipimo kimoja, kitaje kwenye tangazo, na kiwe hicho hicho kwenye lebo.

3. Chombo na kifuniko

Chombo kioshwe na kukauka kabisa. Asali huvuta unyevu, na ikipata maji huanza kuchacha; tone lililosalia chini ya chupa linatosha kukuletea lawama. Usijaze hadi mdomoni, acha nafasi kidogo juu. Futa mdomo wa chupa kabla ya kufunga, kwa maana asali iliyonata kwenye nyuzi za mdomo huzuia kifuniko kukaa sawasawa.

Kisha fanya jaribio ambalo sikulifanya: igeuze chupa kichwa chini juu ya karatasi nyeupe, iache usiku kucha. Asubuhi karatasi ikiwa kavu, chupa inasafiri. Ikiwa na doa, badilisha kifuniko. Mafuta ya shea nayo hulainika na kuyeyuka kwenye joto, na sehemu ya mizigo ya basi mchana ina joto kali. Usiyafunge kwenye kikopo cha kubonyeza tu kwa sababu eti yameganda chumbani kwako.

4. Boksi na vya kujazia

Boksi liwe gumu na kavu, lenye ukubwa unaolingana na mzigo. Likiwa kubwa mno, vitu hucheza. Likiwa dogo mno, hupasuka kwenye mikunjo. Ukitumia boksi la zamani, bandua anwani za zamani zote.

Kila chupa ifungwe peke yake. Kata kadibodi upange vyumba vidogo ili kioo kisigusane na kioo. Weka vya kujazia chini, pembeni na juu, angalau upana wa vidole vitatu. Funga, kisha tikisa. Ukisikia kitu kinagonga, fungua uongeze. Tepu ipite juu ya mpasuko wa katikati na pia kwenye kingo mbili za pembeni, hata itokee umbo la herufi H, juu na chini.

Kabla ya kutuma mzigo wa kwanza wa aina hiyo, jaza chupa maji, ifungashe vile vile, kisha liachie boksi lianguke kutoka usawa wa kiuno: mara kwa kitako, mara kwa ubavu, mara kwa pembe. Ni heri uvunje chupa ya maji uani kuliko ya asali njiani.

Kuhusu vya kujazia, mambo mawili. La kwanza, magazeti ya zamani yanafaa, ila yasiguse chakula moja kwa moja kwa sababu ya wino. Na usitumie karatasi zenye aya za Qur'an au jina la Allah: kalenda za misikiti, vipeperushi vya daawa, hata jarida hili unalolisoma. Mteja hatajua, atazitupa jalalani. La pili, mifuko ya plastiki. Kama unatuma nje ya Uganda, kumbuka Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya 2017, na Tanzania 2019. Mzigo wako ukifika mpakani umejazwa mifuko hiyo, unamweka dereva na mteja mashakani. Tumia karatasi, kadibodi au kitambaa.

5. Maandishi

Kwenye bidhaa andika jina lake, uzito halisi, tarehe uliyofungasha na namba yako ya simu. Usiandike usichokijua. Asali ya kutoka nyumbani usiiite ya Yemen. Usiandike kwamba inaponya kisukari; mgonjwa anaweza kuacha dawa zake kwa sababu ya lebo yako. Na usibandike alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Uganda (UNBS) kama hukupewa. Ukitaka bidhaa yako iingie madukani, nenda kwao uulize masharti.

Nje ya boksi andika jina la mpokeaji, mji, simu yake na simu yako, kwa herufi kubwa na wino usiofutika kwa maji. Weka mshale wa kuonyesha upande wa juu na neno "Kioo". Usiorodheshe vilivyomo. Dada aliyeagiza nguo zake za ndani hana haja kondakta na utingo wazisome. Kumsitiri mteja ni sehemu ya kufungasha.

6. Gharama na daftari

Wengi tunasema "nimenunua 12,000, nimeuza 20,000, faida 8,000." Tuhesabu chupa sita, kwa bei za mfano, weka zako. Chupa sita kwa 1,200 ni shilingi 7,200. Lebo sita kwa 200 ni 1,200. Boksi 2,000. Kadibodi ya ndani 700. Tepu 900. Jumla 12,000, yaani 2,000 kwa kila chupa. Faida ni 6,000, na hapo hujahesabu boda boda ya kwenda kituoni wala muda wako. Asiyejua hesabu hii hujikuta anapunguza kadibodi ili aokoe fedha, kisha anapoteza chupa nzima.

Weka daftari. Kila mzigo uwe na namba, tarehe, uzito, na jina la aliyefungasha kama mko wawili. Piga picha tatu: bidhaa kabla ya kufunga, boksi likiwa wazi, na risiti ya basi. Mtumie mteja picha hizo siku hiyo hiyo. Na panga siku maalumu za kufunga, kwa mfano Jumanne na Ijumaa baada ya Alasiri. Mzigo unaofungwa dakika kumi kabla ya mtihani ndio unaovuja.

7. Mzigo ukiharibika

Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, mali ikiharibika kabla mnunuzi hajaipokea, hasara ni ya muuzaji. Na akiipokea akakuta kasoro ya zamani ambayo hakuambiwa, ana khiyari ya kuirudisha. Kwa hiyo maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" hayakuoshi na kasoro uliyoificha. Kwenye masuala yenye utata, kama mkataba na msafirishaji, muulizeni sheikh. Lakini tenga kidogo katika kila mauzo kwa ajili ya kurudisha, ili siku hiyo ikifika usitafute visingizio kwa sababu mfuko ni mtupu.

Yule mama wa Mbale aliagiza tena mwezi wa Ramadhani, chupa nne. Nilizigeuza usiku kucha, nikazipima peke yake, nikamtumia picha. Alipopokea alinijibu kwamba amepima, na kipimo kimetimia. Sikukasirika kwamba alipima. Alikuwa na haki.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Muuzaji amepanga mitandio mizuri juu na yenye doa chini, na bei ni ya jumla. Je, kisa cha lundo la chakula kinamhusu?
2. Chupa tupu ina gramu 250, ikijazwa ina gramu 900. Lebo iandikwe nini?
3. Mteja amekubali kununua bila kuuliza kasoro. Je, muuzaji bado anawajibika kusema?
4. Taja vitu vitatu vilivyomo chumbani kwako vinavyofaa kujazia boksi, na kimoja kisichofaa, na sababu yake.

Wabillahi tawfiq.