Kubadilisha Plagi Nyumbani: Mwongozo kwa Madereva wa Mtinko, Singida

Gari likianza kumisi kwenye mwinuko, likisumbua kuwaka asubuhi na kula mafuta kuliko kawaida, plagi ni miongoni mwa vitu vya kukagua mwanzo. Kazi hii haidai gereji. Vitu viwili ndivyo huigeuza kuwa hasara: vumbi na nguvu za mikono.

Tuchukue Toyota Probox au IST yenye injini ya 1NZ, kwani ndizo zilizojaa barabarani. Utahitaji soketi namba 10 ya kufungulia koili, soketi ndefu ya plagi ya milimita 16 yenye raba au sumaku ndani, racheti, na kiungo cha kurefusha. Injini nyingine, hasa za zamani, hutumia plagi za soketi namba 21, kwa hiyo pima kabla ya kununua. Soketi ya kawaida isiyo na raba huangusha plagi ikiwa njiani kutoka, na kauri yake ikipata ufa usiouona, gari litaendelea kumisi nawe ukidhani umemaliza kazi.

Nunua plagi kwa namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Namba ya mwisho 11 kwenye plagi za Denso na NGK humaanisha nafasi ya cheche ni milimita 1.1. Namba za joto za kampuni hizo mbili hazilingani: 16 ya Denso inakaribiana na 5 ya NGK. Plagi feki zipo sokoni. Dai risiti ya EFD ili upate pa kurudi. Plagi za kawaida hubadilishwa takribani kila kilomita 20,000, za iridiamu hufika hata 100,000. Ncha nyembamba ya iridiamu usiipige msasa wala kuigonga.

Injini lazima ipoe kabisa, maana kichwa chake ni cha alumini na hesi zake huchanika kwa urahisi zikiwa na moto. Chomoa tamino hasi ya betri.

Sasa vumbi. Katika injini hii plagi imezama shimoni chini ya koili, na upepo wa kiangazi cha Singida hauachi shimo lolote tupu. Ukifungua plagi kabla ya kusafisha, mchanga utaangukia juu ya pistoni na kukwangua ukuta wa silinda kama msasa. Egesha ndani ya banda au nyuma ya ukuta unaokinga upepo. Futa sehemu ya juu ya injini kwa kitambaa, toa koili, kisha puliza shimo kwa pampu. Upepo wa fundi wa pancha unatosha sana. Kinga macho. Legeza plagi mzunguko mmoja, puliza tena, ndipo uitoe. Fanya silinda moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine. Kwenye magari yenye nyaya za plagi utaratibu huo pia huzuia kuzichanganya.

Plagi mpya ianze kwa vidole, bila racheti: iweke ndani ya soketi na uzungushe kiungo kwa mkono. Ikigoma, irudishe nyuma uanze upya. Kuilazimisha ndiko kunakoua hesi. Ikishakaa chini, plagi mpya yenye washa hukazwa kwa nusu mzunguko tu. Iliyowahi kutumika haizidi sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Usipake grisi kwenye hesi, hata kama jirani anasisitiza: inateleza, nawe utakaza kupita kiasi bila kuhisi.

Plagi ulizotoa zipange kwa mpangilio wa silinda uzisome. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Masizi makavu meusi yaelekeza kwenye mafuta mengi au kichujio cha hewa kilichoziba, jambo la kawaida kwa magari ya njia ya vumbi. Nyeupe yenye malengelenge ni dalili ya joto kupita kiasi. Ukikuta oli imejaa shimoni juu ya plagi, gasketi ya kava imechoka. Ikiwa oli iko kwenye ncha yenyewe, kagua ringi za pistoni au sili za valvu. Hapo plagi mpya haitaponya chochote, mwite fundi.