Beringi Inayobana na Kutanuka kwa Metali
Katika pampu ya pikipiki ya majini, mhimili wa chuma hushikwa na beringi zilizokaa ndani ya kasha la alumini. Beringi ikigoma kuingia, fundi asiye na subira hugonga pete ya ndani kwa nyundo. Pigo hupitia kwenye gololi na kuacha vishimo katika njia yake. Tundu lisafishwe chumvi na ukoga, kisha kasha lipashwe moto. Tundu la milimita 40, joto likipanda nyuzi 80 za Sentigredi, hupanuka (wala halisinyai, kama wanafunzi wengi wadhanivyo): 40 × 80 × 0.000023, yaani milimita 0.07 hivi. Beringi iliyopozwa jokofuni husukumwa kwa pete ya nje tu. Kasha likisha kupoa na mhimili ukawa mzito kuzungushwa, huenda tundu lingali dogo. Likiwa dogo kweli, halina budi kuchongwa.