Kufundisha Uchukuzi wa Kukodi: Mfano wa Soko la Mlandege, Iringa

Utangulizi

Katika masomo ya Biashara na Jiografia, mada ya uchukuzi mara nyingi hufundishwa kwa orodha: barabara, reli, maji, anga na bomba, kila njia na faida zake na hasara zake. Mwanafunzi huikariri orodha hiyo, huiandika katika mtihani, kisha huisahau. Lakini mzazi wake, ambaye humkabidhi mwenye lori magunia ya mahindi bila hata kipande cha karatasi, anakabiliwa na swali ambalo orodha hailijibu: mali ikiharibika njiani, hasara ni ya nani? Katika makala hii twakusudia kuonyesha jinsi mwalimu awezavyo kulifanya swali hilo kuwa kiini cha somo.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyafahamu

Mfanyabiashara mdogo hukodi lori la mtu mwingine kwa sababu ya msingi. Lori la kwake lahitaji dereva, utingo, matairi na matengenezo hata siku ambayo halina mzigo. Na likishusha mzigo Dar es Salaam, laweza kurudi tupu. Mchukuzi hukusanya mizigo ya watu wengi, akagawanya gharama hizo. Basi kukodi si kosa. Kosa ni kudhani kwamba anayekabidhi mzigo amekabidhi na hasara.

Historia ya nyanda zetu za juu yatoa mifano miwili ya kufaa. Serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, njia ya kusini ambayo Zambia ilitegemea kupitishia shaba na mafuta iliingia mashakani. Malori yakaelekezwa Dar es Salaam kupitia Mbeya na Iringa, katika barabara mbovu iliyopata jina la Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Funzo ni kwamba anayetegemea njia moja ya mwenzake hana usalama, hata akiwa ni taifa zima.

Mfano wa pili wahusu mahindi. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, Shirika la Usagishaji la Taifa lilinunua mazao kutoka vijijini kwa bei moja nchini kote. Mkulima wa mbali na wa karibu walipata bei ileile. Jambo hilo lilikuwa na haki ndani yake; lakini gharama ya kuyasafirisha mahindi ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa haikutoweka. Iliangukia shirika, na hatimaye hazina ya taifa. Gharama ya uchukuzi yaweza kuhamishwa; haiwezi kufutwa.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza: ramani. Wanafunzi na wachore njia kutoka Mlandege hadi Dar es Salaam, wakionyesha mteremko wa Ipogolo, Ilula, mlima Kitonga na Morogoro. Kisha wachore reli ya TAZARA. Wataona wenyewe kwamba reli haifiki mjini Iringa. Gunia la Iringa likipelekwa kwa reli kupitia Makambako halina budi kupakiwa na kupakuliwa zaidi ya mara moja. Mwalimu aulize: kila mara mzigo unapobadili mikono, ni nani anayehesabu?

Hatua ya pili: ziara. Wanafunzi wagawanywe katika makundi, waende sokoni Mlandege kwa ruhusa ya viongozi wa soko. Kundi moja liwaulize wauzaji jinsi wanavyompata mchukuzi. La pili lizungumze na makuli. La tatu lizungumze na madereva na madalali. Majina ya watu na siri za biashara zao yasiandikwe. Kinachotafutwa ni utaratibu: mzigo hupita mikononi mwa nani, na karatasi gani huandikwa.

Hatua ya tatu: hesabu. Mwalimu aandike ubaoni mfano wa kubuni ufuatao. Mfanyabiashara amenunua matenga 100 ya nyanya kwa shilingi 20,000 kila moja, naye atayauza kwa shilingi 30,000. Mchukuzi wa kwanza anataka shilingi 3,000 kwa tenga, lakini huchelewa, na matenga 12 yanaoza. Wa pili anataka shilingi 4,500, na yanayoharibika ni 3 tu. Kwa mchukuzi wa kwanza, mauzo ni shilingi 2,640,000 na faida ni shilingi 340,000. Kwa wa pili, mauzo ni shilingi 2,910,000 na faida ni shilingi 460,000. Aliyeonekana ghali amemwachia mfanyabiashara shilingi 120,000 zaidi.

Hatua ya nne: mkataba. Kila kundi liandike mkataba mfupi wa uchukuzi wenye kujibu maswali haya:

(a) Mzigo ni kiasi gani, na ulikuwa katika hali gani ulipopokewa?
(b) Utafikishwa wapi, siku gani na saa ngapi?
(c) Nani analipa makuli wa kupakia na wa kupakua?
(d) Lori likiharibika Kitonga, je, mchukuzi aweza kumpa mwingine mzigo bila kumwuliza mwenyewe?
(e) Mzigo ukipotea, ukiharibika au ukichelewa, nani atalipa, na kiasi gani?

Makundi yabadilishane mikataba, na kila moja litafute mwanya katika mkataba wa wenzake. Zoezi hili huamsha mabishano makali darasani. Mwalimu asiyazime upesi, kwani ndani yake mna fikra tunazozitafuta.

Upimaji

Tunashauri mwalimu asiulize, "Taja faida tano za uchukuzi wa barabara." Badala yake atoe kisa: mzigo wa viazi umefika siku mbili baada ya wakati uliokubaliwa, nusu umeoza, na mapatano yalikuwa ya mdomo tu. Mwanafunzi aeleze nani atabeba hasara, kwa nini, na nini kingeweza kufanywa kabla ya lori kuondoka.

Hitimisho

Wengi wa wanafunzi wetu watauza, watanunua au watalima. Mtaji wa mtu wa Mlandege waweza kuwa lori moja la mzigo. Ukipotea huo, ada ya mtoto imepotea pamoja nao. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mwanafunzi atakayetoka darasani akijua kuhesabu mzigo, kudai stakabadhi na kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi atakuwa amepata elimu itakayomfaa nje ya chumba cha mtihani.