Pampu ya Insulini Ikisimama, Usingoje



Huenda umewahi kuona kijana aliyebandika mkononi kifaa cheupe, kidogo kama nusu ya yai, ukajiuliza ni kitu gani. Hiyo ni pampu ya insulini isiyo na mrija. Ya kwanza ya aina hii, iitwayo Omnipod, iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 2005. Hapa kwetu wagonjwa wengi wa kisukari wanaohitaji insulini hujichoma sindano, maana pampu ni ya gharama kubwa. Lakini ndugu zetu waishio ng'ambo huja likizo wakiwa wameivaa. Yafaa mwenyeji wao naye aifahamu.

INAVYOFANYA KAZI

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hawezi kuishi bila insulini. Pampu hii hujazwa insulini isiyozidi yuniti 200, kisha hubandikwa tumboni, pajani, kiunoni au nyuma ya mkono. Huingiza kijibomba laini cha plastiki chini ya ngozi, na kupitia hapo hutia insulini kidogo kidogo usiku na mchana. Wakati wa kula, mgonjwa huagiza dozi ya ziada kwa chombo cha mkononi. Baada ya siku 3 pampu hutupwa, na mpya huvaliwa mahali pengine.

HATARI IKO WAPI?

Anayechoma insulini ya kudumu muda mrefu ana akiba mwilini. Mvaaji wa pampu hana akiba hiyo. Pampu hutumia insulini ya haraka tu, ambayo nguvu yake huisha baada ya saa chache. Kijibomba kikiziba au kuchomoka, mwili hukosa insulini, huanza kuunguza mafuta, na kutoa asidi ziitwazo ketoni. Zikizidi katika damu, mtu aweza kupoteza fahamu na kufa.

Tuseme binti amekuja likizo Moshi. Usiku anasema, "Shangazi, tumbo linaniuma, nimetapika mara mbili." Shangazi anadhani ni malaria, anamwambia alale, wataenda hospitali asubuhi. Kupima malaria si kosa. Kosa ni kungoja asubuhi bila kupima sukari. Kutapika, maumivu ya tumbo, kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kuhema kwa nguvu na pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno ni dalili za ketoni.

LA KUFANYA

Sukari ikipita 13.9 (yaani 250 kwa mashine zinazosoma miligramu) bila sababu inayojulikana, fuateni hatua hizi:

1. Pimeni ketoni katika damu au mkojo.

2. Kagueni pampu. Je, imebanduka? Pana unyevu au harufu ya insulini? Je, inalia mfululizo? Mlio huo maana yake imesimama.

3. Ketoni zikiwapo, mgonjwa achome dozi kwa bomba la sindano, wala asiagize kwa pampu hiyo. Kiasi ni kile alichoandikiwa na daktari wake. Kisha avae pampu mpya.

4. Ketoni zisipokuwapo na pampu ikionekana nzima, aagize dozi ya kushusha sukari, apime tena baada ya saa 2. Isiposhuka, ahesabu kwamba pampu imeharibika, afuate hatua ya 3.

5. Anywe maji kwa wingi, aendelee kupima.

6. Akitapika, akihema kwa nguvu, akisinzia, au ketoni za damu zikifika 3.0, mkimbizeni hospitali hata kama ni usiku. Mwambieni mganga mapema: "Ana kisukari cha aina ya kwanza, na anavaa pampu."

SUKARI IKISHUKA

Ikiwa chini ya 3.9, apewe vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu kinywani. Apelekwe hospitali upesi.

MAMBO YA KILA SIKU

• Jua kali huharibu insulini. Pampu ifunikwe kwa nguo, na chupa ya insulini isiachwe ndani ya gari.

• Pampu mpya isivaliwe wakati wa kwenda kulala, kwa kuwa sukari yapaswa kupimwa saa moja na nusu hadi 2 baadaye.

• Akipigwa eksirei, pampu ivuliwe kwanza.

• Insulini iliyochanganywa, kama ile ya 30/70, isijazwe katika pampu kamwe.

• Safarini abebe pampu za akiba, chupa ya insulini, mabomba ya sindano, vipimo vya ketoni, na karatasi yenye dozi zake. Pampu za akiba ni vigumu kuzipata hapa kwetu, lakini bomba la sindano la insulini ya yuniti 100 litamvusha.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mvaaji wa pampu huzidiwa upesi insulini ikikatika?

2. Ketoni zikionekana, dozi itolewe kwa njia gani?

3. Mgeni wako akifika leo, utamwuliza sindano zake za akiba ziko wapi?

Swali la tatu mwulize siku ya kwanza, kabla hajafungua mizigo. Usiku wa manane hautakuwa na nafasi ya kutafuta.